Doti ya Kanga Isiyokuwa Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimetoka darasani na mkoba umejaa makabrasha, nikasikia sauti za wanawake ndani kwangu. Nilipofungua mlango wakanyamaza wote. Mama mkwe wangu akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Karibu naye alikuwa Bi Tatu wa mtaa wa pili, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kuja kwetu. Akanisalimu kwa adabu nyingi mno, akaaga.

Mimi si mtu wa kuamini upesi. Wakati ule nilikuwa mhasibu wa kampuni ya kununua mahindi hapa Sumbawanga. Mchana niko kazini, jioni na Jumamosi nasoma shahada ya uzamili ya biashara. Mume wangu alikuwa na duka, na kila wiki alipeleka bidhaa Kabwe kwa Fuso yake, akalala huko. Mwanamume anayelala Kabwe kila wiki, wewe utamwamini? Tena nikirudi nyumbani nakuta chakula tayari, watoto wameoga, hakuna anayelia wala kuuliza kitu. Wenzangu darasani wakanionea wivu. Mimi nikaanza kunusa jambo.

Basi nikachunguza. Simu ya mume wangu ikilia, anatoka uani. Mama mkwe na Rehema, binti yangu wa kwanza, wakiniona wanakatiza maneno. Siku moja nikapekua kabati, nikakuta doti ya kanga mpya imefungwa kwenye gazeti, nyuma ya mashati yake. Haikuwa yangu, na sikukuu ilikuwa mbali. Nikajua naletewa mke mwenza, na Bi Tatu ndiye mshenga wao.

Nikaichukua mpaka kwa mama mkwe.

“Shikamoo, mama. Huyu anayenunuliwa kanga ni nani? Nataka jina lake.”

“Marahaba. Jina lake Rehema.”

“Rehema gani?”

“Rehema wako. Amevunja ungo, huu mwezi wa pili. Bi Tatu ndiye somo yake, anamfunda. Kanga nilimwagiza baba yake amnunulie. Mtoto mwenyewe katukataza tusikwambie, eti mama ana mtihani, asisumbuliwe.”

“Na wewe mama ukakubali?”

“Ulitufundisha mwenyewe. Kila akikujia unamwambia subiri nimalize kusoma. Kasubiri, kachoka, kaja kwangu.”

Nilikaa chini palepale nikalia. Furaha ya kutoletewa mwenza sikuiona kabisa. Mwenza ningegombana naye. Kwa hili nigombane na nani? Mtoto wangu aliingiwa na hofu, akatafuta wa kumwambia, akaniruka mimi mama yake. Hata somo alichaguliwa bila mimi kuulizwa. (Zile simu za uani mume wangu alisema ni za wateja wa Kabwe. Haya.)

Sasa wewe unaanza masomo hayohayo, una kazi yako Namanyere na watoto bado wadogo. Soma, mwanangu. Sikukatazi, nami nilimaliza. Ila ukija kuniambia kwamba nyumbani kwako shwari, hakuna anayekusumbua, nitakutilia mashaka. Nyumba yenye watoto haitulii hivihivi; kuna mtu ameamua usiambiwe. Kwa hiyo uliza, na ukijibiwa “hakuna kitu” uliza tena. Mtoto akija na habari ya penseli iliyopotea, funga kitabu umsikilize, maana anajaribu kama una nafasi. Na mwenzako akikuficha matatizo ili usome, mshukuru, halafu mwambie asirudie.

Mtihani mmoja nilifeli, nikaurudia, nikafaulu. Ile siku Rehema alipokwenda kwa bibi yake badala ya kuja kwangu, hakuna aliyenipa nafasi ya kuirudia.

Mungu akufanikishie masomo yako, akupe nguvu za kazi, na wanao wasichoke kukusumbua.