Duara la Mafuta, Chumba Namba Tisa

Kwa miaka kumi na tisa Phulmaya alifua mashuka ya gesti moja ya Thamel, mtaa wa watalii jijini Kathmandu, yenye vyumba kumi na viwili na maji ya moto ya kubahatisha. Wageni walifika na mabegi yao ya mgongoni, wakalalamikia honi za barabarani, wakaondoka. Yeye alibaki. Juu ya paa alikuwa na kijumba cha bati, na asubuhi isiyo na vumbi aliiona bure milima ya theluji ambayo wageni waliifuata kwa ndege. Hakuwa na kwao kwingine. Kijijini, maporomoko ya udongo yalikwisha kuimeza nyumba yao pamoja na ndugu yake wa pekee.

Ndiyo maana alimpenda Narbahadur, akampenda kijinga. Narbahadur aliongoza watalii milimani, na kila msimu alilala chumba namba tisa, kile kinachotazamana na lango. Mwaka ule wa msiba, siku ya ndugu, dada wanapowapaka kaka zao alama ya baraka usoni, ilipofika, alimkuta Phulmaya analia jikoni, akamwinamia.

"Nipake mimi, dada," alisema.

Huu ulikuwa mwaka wa saba anampaka kwenye paji la uso tika ya rangi saba, kama dada wengine wote wa Nepali. Ukishampaka mtu hivyo, ni ndugu yako, habari za damu zimekwisha.

Alifunga tangu alfajiri. Akasuka shada la maua ya zambarau yasiyonyauka, akamketisha Narbahadur mkekani, akamzungushia duara la mafuta ya haradali ili kifo kisimfikie. Aliye ndani ya duara hatoki mpaka apakwe tika. Kisha akachukua jiwe na kokwa ngumu ya jozi, akaenda kizingitini, maana pale ndipo dada huipasua ili wote wanaomtakia ndugu yake mabaya wapasuke nayo.

Langoni walikuwa wamesimama mafundi wawili na kibao kipya. Wakamuuliza bosi Narbahadur yuko wapi, wapate kukitundika. Phulmaya hakusoma sana, lakini picha iliyochorwa kibaoni aliielewa: paa lile lile, limejaa meza na chupa, pale pale penye kijumba chake.

Akarudi na jiwe mkononi. Narbahadur akatazama chini, akaeleza harakaharaka kwamba gesti ameikodi yeye, na mkataba aliutia saini kabla ya sikukuu ya Dashain. Mwezi mzima uliopita. Na mwezi wote huo alikuwa akinywa chai ya Phulmaya kila asubuhi, mwanamume yule, tena akiomba aongezewe.

"Na mimi je?"

"Dada, umechoka. Wageni wa siku hizi wanataka vijana. Nilipanga nikwambie baada ya tika."

"Baada."

"Sikutaka kukuharibia sikukuu."

 Kazi angeweza kuisamehe, hata kijumba. Lakini ndugu huyu alitaka kwanza akingwe na kifo, ndipo amfukuze aliyemkinga.

"Kokwa hii ni ya kupasulia maadui zako," alisema. "Hebu niambie, nimpasue nani?"

 Phulmaya akaiweka kokwa nzima nje ya duara, akakusanya vibakuli vyake saba vya rangi, akapanda juu kufunga vitu.

Siku ile wanaume wa Kathmandu nzima walitembea na rangi saba usoni. Bosi mpya alikaa mkekani na paji tupu. Mafundi walipouliza kibao kiwe juu kiasi gani, aliwajibu akiwa pale pale, asithubutu kuyavuka mafuta.