Mtu Asiyetakiwa Kwenye Picha

Shemeji yangu ni dobi, na kama hujawahi kuishi karibu na dobi, hujui ubishi ni nini. Mtu anayeshinda kutwa akipigana na mikunjo ya nguo za watu hakubali jambo kirahisi. Dada yangu, mkewe, ndiye aliyemweza. Walifua pamoja, wakapiga pasi pamoja, na dada akampa jina la kumtania: Mkunjo. "Mkunjo, chai inapoa!" "Mkunjo, umelichoma shati la mwalimu, shauri yako!" Sisi wengine tulimwita Dobi, na mimi namwita shemeji. Mkunjo lilikuwa jina la mdomo wa dada peke yake. Alipofariki, halikusikika tena.

Mimi nashona mapazia, na dirisha langu linatazamana na duka lao. Nasema "lao", ulimi bado haujazoea.

Baada ya msiba watu walikuja, wakalia, wakala, wakaenda zao. Mtoto wao wa pekee alikaa kidogo, kisha akarudi kazini kwake ng'ambo. Dobi akabaki na pasi mbili na ubao mrefu wa kupigia pasi uliotengenezwa kwa watu wawili. Sasa, kukunja shuka ni kazi ya watu wawili: mmoja huku, mmoja kule, mnavuta, mnakutana katikati. Siku moja nilichungulia nikamkuta amefunga pembe za shuka kwenye kitasa cha mlango, anavuta upande wa pili mwenyewe. Nikarudi kwangu bila kupiga hodi. Ningesema nini?

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: picha ya dada ukutani.

"Si unayo kwenye simu?" nikamuuliza.

"Simu inazima, shemeji. Namwona, anacheka, halafu giza. Nagusa, anarudi. Halafu giza tena. Mke wangu afe mara ngapi kwa siku?"

Nikamwambia basi, tutaitafuta.

Lakini palikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe ni letu, la ukoo wetu. Kwetu ukuta ni wa waliotangulia. Mtu anayepumua hatundikwi. Mama yetu aliwahi kumtundika mjomba akiwa mzima wa afya, na mjomba akateleza bafuni hata picha haijashika vumbi. Tangu hapo ikawa sheria: walio hai wakae kwenye albamu, kwenye droo, kwenye simu, popote, ila si ukutani. Dada aliolewa akaihamisha sheria ile pamoja na masufuria yake. Pale sebuleni kwao wamo baba, mama na mjomba, basi.

Na dada, Mungu amrehemu, alikuwa adui wa kamera. Ukimwelekezea tu, anajifunika kwa nguo ya mteja. Picha yake nzuri ilikuwa moja, aliyoipiga mwanawe mbele ya duka kabla ya kusafiri. Dobi amekaa kwenye kigoda, dada amesimama kando yake, amemwekea mkono begani, anacheka mpaka jino la pembeni linaonekana. Mkono wenyewe ndio ule wenye alama ya pasi, kovu refu kutoka kwenye kidole gumba mpaka karibu na kifundo.

"Wewe itabidi utoke humo," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Sheria ni sheria."

Nitoe wapi picha nyingine? Ndiyo hiyo hiyo.

Mpiga picha wa mtaani alishafunga studio, sasa anauza makava ya simu. Mtoto akatuma ujumbe wa sauti: "Baba, siku hizi unaagiza mtandaoni. Unatuma picha, wanachapa, wanakuletea mpaka mlangoni. Chagua kampuni yenye nyota nyingi. Mama mdogo atakusaidia." Mama mdogo ndiye mimi. Haya, tukaketi dukani kwenye ubao wa pasi, mimi na miwani yangu, yeye na miwani ya dada, maana ya kwake aliikalia zamani na hakuwahi kununua nyingine.

Tukasoma maoni ya wateja. Mmoja kasifu karatasi. Mwingine kamtukana mleta mizigo na mama yake. Wa tatu kaandika: "Picha ni nzuri sana, ila hawa si watoto wangu."

"Huyu ndiye wa kumwamini," Dobi akasema.

"Kampuni au mteja?"

"Mteja. Ameletewa watoto wa watu na bado ana adabu."

Tukacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba, nikajifanya kama sikugundua, nisije nikamtia aibu.

Kampuni ya kwanza tuliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi. Wanakupa kisanduku, unakivuta juu ya picha kwa kidole, kilichobaki nje kinakatwa. Dobi akakivuta mpaka yeye akabaki nje. Bahasha ikafika, tukaifungua kwa wembe, taratibu. Dada alikuwepo, anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umekatika kwenye kifundo. Vidole vilibaki nje, kwenye bega lililokatwa.

Dobi akaishika picha ile kama anavyoshika nguo ya mteja iliyoungua. "Rahisi ni ghali," akasema, akaigeuza kifudifudi.

Kampuni ya pili walijitapa hawakati, wanafuta. Walikuwa na kitufe kimeandikwa: "Gusa mtu asiyetakiwa kwenye picha." Nikampa Dobi simu. Kidole chake kikasimama hewani. Nikamwambia, gusa basi, shemeji, inazima hiyo. Akajigusa usoni. Simu ikauliza: "Una uhakika?" Akajibu ndiyo.

Niliangalia pembeni. Kuna vitu mtu hapaswi kuulizwa na mashine.

Ikaja picha ya pili. Yallah! Wamemfuta Dobi vizuri, hata kigoda hakipo, na mahali pake wameweka chungu cha maua. Dada yangu, mwanamke aliyekuwa hapendi hata kumwagilia mchicha, amekiegemea chungu cha maua anacheka nacho! Nilitukana. Dobi hakutukana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi na chungu tunatoshana?"

Ya tatu ilikuwa kampuni ya watu wenye heshima zao. Kulikuwa na dada wa huduma kwa wateja, unamwandikia na anajibu mwenyewe. Tukamweleza: mzee atoke, mama abaki, mkono ukae vizuri. Akasema tusiwe na wasiwasi, atatuma sampuli kwanza tuione kwenye simu. Ikaja. Nakwambia kweli, ilikuwa nzuri. Dada amesimama peke yake mbele ya duka, ukuta nyuma yake umenyooka, mkono umeshuka umetulia mbele ya gauni. Nikapiga vigelegele pale pale, mteja aliyekuja kuchukua suruali akashtuka.

Dobi akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Akavua miwani ya dada, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Huu mkono si wake," akasema.

Nikatazama. Ulikuwa mkono laini, wa mtu ambaye hajawahi kushika pasi. Kovu halikuwepo. Nikamwandikia yule dada wa huduma, akajibu upesi, kwa furaha: alama ile wameisafisha bure, ni zawadi kwa wateja wapya.

"Mwambie asante," Dobi akasema. "Mwambie hatuchukui."

"Shemeji, ni alama tu! Nani atatazama mkono?"

"Mimi. Aliungua siku aliponirukia kuninyang'anya pasi, nilikuwa nimesinzia nimesimama. Ile ni alama ya usingizi wangu. Wameifuta bure!" Akacheka kidogo, kicheko cha upande mmoja. Kisha akachukua shati akaendelea na kazi, na mimi nikajua nimefukuzwa.

Baada ya hapo hakuzungumzia tena picha. Nami nilikuwa na mapazia ya hoteli, nikajizamisha humo. Lakini dirisha ni dirisha. Namwona anapiga pasi, simu kaisimamisha kwenye kopo la wanga, na kila mara anaacha pasi, anagusa kioo, anarudi kwenye shati. Anagusa, anarudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema, lakini cha shemeji yangu kilikuwa kinafanya kazi ya kumfufua mtu.

Nikashindwa. Nikavuka barabara nikiwa na sindano bado kwenye kola.

"Kwa nini usichapishe ile ya tatu ukamaliza?" nikaanza, kwa sauti ya ugomvi, maana ndiyo sauti niliyonayo.

Akazima pasi. Hilo lenyewe lilinitisha, Dobi hazimi pasi saa za kazi.

"Shemeji, nikifumba macho namsikia vizuri kabisa. Ananigombeza, ananiita kwa lile jina alilonipa. Lakini uso unaanza kunipotea. Asubuhi nimekaa kitandani nikamtafuta kichwani, nikapata leso aliyojifunga tu, na macho yake sikuwa na uhakika nayo. Nikiweka ukutani mkono usio wake, baada ya mwaka nitaamini ule ndio mkono wake. Wewe utanikumbusha, lakini wewe unakaa kwako."

"Basi unataka nini?"

"Nataka ile nzima."

"Na wewe ndani?"

"Na mimi ndani."

Nikawaka. Nikamwambia umerogwa? Unajiweka kwenye ukuta wa marehemu kwa mikono yako mwenyewe? Mjomba umemsahau? Nikasema mengi, mengine hayafai kurudiwa. Wala sikuwa nalilia sheria ya mama. Nilikuwa naogopa. Baba kaenda, mama kaenda, dada kaenda, mtoto yuko ng'ambo, na mimi sikujaliwa wangu. Aliyebaki wa kunijua tangu nina meno yote ni huyu mbishi mwenye pasi. Nikamwambia hivyo hivyo, nikilia, makamasi yananitoka.

Akanipa leso ya mteja, safi, imenyooshwa. "Tutaifua," akasema. Kisha akasema, "Mimi nimeshajifuta mara tatu, shemeji. Kila nikitoka, na yeye anaharibika."

Juu ya ubao lilikuwa shuka la watu, limekauka, linasubiri. Nikashika pembe mbili, yeye akashika mbili. Tukavuta, tukakutana katikati.

Agizo nililituma mimi, kwa ile kampuni ya yule dada mchangamfu. Akaniuliza kama nataka mtu yeyote aondolewe. Nikaandika hapana. Akauliza kama wasafishe alama zozote. Nikaandika: "Binti yangu, ukigusa alama hata moja nitakuja mwenyewe." Akatuma kile kiuso kinachocheka.

Picha ilikuja kubwa, kwenye fremu ya mbao. Dobi akanishikia kiti, mimi nikapanda na nyundo, kwa sababu nilisema kama sheria inavunjwa, itavunjwa na mwenye ukoo. Nikaitundika kando ya mama. Nikashuka, nikampa nyundo, tukatazama. Jino la pembeni, kovu, mkono begani. Na Dobi kakaa chini ya mkono ule, yuko mzima, kati ya wafu wangu wote.

"Si mbaya," akasema. "Na nikifa hutahangaika na kampuni. Niko tayari ukutani."

"Funga mdomo wako!"

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Alibaki amesimama pale na nyundo mkononi, anamtazama mkewe, na mkewe hakuzima. Nikaondoka bila kuaga, hakusikia hata mlango.

Siku hizi kila asubuhi kabla sijafungua cherehani navuka barabara. Kuna siku anakawia kufungua. Nabisha, kimya. Nabisha tena, "Shemeji!", kimya, na moyo wangu unakwenda kwenye ule ukuta, kwa mjomba. Leo alikawia zaidi. Nikapiga mlango kwa kiganja, nikaita shemeji, nikaita Dobi, kisha mdomo ukatoa wenyewe jina ambalo si langu kulitoa:

"Mkunjo! Chai inapoa!"

Ndani pakawa kimya bado. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, na sauti yake, taratibu, kama ya mtu aliyeamshwa kutoka mbali:

"Nakuja, mke wangu."

Nikafuta macho haraka haraka, maana alikuwa anafungua mlango.