Jakuzi Linalokunjika

Mama mkwe wangu, Akelo, alikuja kwetu Buhongwa mwezi wa nane mwaka 1996 na kikapu cha furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, godoro lake mwenyewe, na ahadi ya kukaa wiki tatu. Nilimwandalia chumba cha wageni, nikatandika shuka mpya. Alikichungulia, akanishukuru, kisha akaomba kulala kwenye stoo ya uani, pale tulipokuwa tunaweka magunia ya mkaa. Kwao Wajaluo mzazi halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, na siku hiyo nilinuna kweli kweli. Nilidhani ananidharau.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya pili nilimkuta amelishika, analima matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, kila hatua anauma meno kwa sababu ya magoti. Magoti hayo aliyaharibia mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, kule Shirati. Alifiwa na mumewe wakati mwanawe Odongo yuko darasa la tatu, na kwa miaka ishirini alisimama majini alfajiri akipokea samaki kutoka kwenye mitumbwi, ili mtoto asome. Odongo ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza alichukuliwa na surua, na tangu hapo mama na mwana hawakuwahi kunyimana kitu. Huo ndio ulikuwa upendo wao, na ndio uliotufunga sote.

Odongo, mume wangu, alikuwa ananunua sangara visiwani na kuwauzia watu wa kiwanda cha minofu. Miaka ile sangara alikuwa anajenga nyumba za watu, na yetu aliijenga na ukuta, chupa zilizovunjwa juu yake, na geti la chuma. Daktari alipomwambia mama yake aloweke mwili mzima kwenye maji ya moto kila siku, mchemshaji nikawa mimi. Masufuria manne, jiko la mkaa, pipa. Wiki tatu zikawa miezi mitatu. Jioni moja Odongo akarudi kutoka kwa meneja wa kiwanda, mzungu mmoja, macho yanamng'aa.

"Mama Okeyo," aliniambia, "yule bwana ana jakuzi bustanini. Maji yanachemka yenyewe na kukukanda mgongo. Mama yangu atalipata."

Nilisema amina. Nilikuwa nimechoka kubeba masufuria.

Mjini kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Liaqat. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, duka lake lilijaa kila kitu cha Dubai, mpaka vitu ambavyo mwenyewe hakuwa na hakika vinatumikaje. Alikuwa na majakuzi mawili. Moja gumu, la faiba, jeupe, lenye viti vya kuchongwa ndani, la kukalishwa juu ya zege na kuunganishwa na mabomba ya nyumba. La pili la mpira mzito, linajazwa upepo, na pampu yake yenye hita inakaa pembeni.

"Shikamoo mama," Liaqat alimwamkia. "Chukua hili la faiba. Hili ni maisha. Wajukuu wa wajukuu wataogea hapa."

"Marahaba, baba." Akelo hakulitazama hata mara mbili lile la faiba. Aliliendea la mpira, akaliminya kwa vidole, akalikagua kama mtu anayekagua samaki aliyelala. "Hili linakunjika?"

"Linakunjika, mama. Likikunjwa linaingia kwenye gunia."

"Nataka hili."

Odongo alicheka. "Mama, hilo ni la kuchezea watoto. Msumari mmoja tu, limekwisha. Mimi nataka ukae kitu cha heshima."

"Wewe unataka heshima, mimi nataka hili," alisema. "Sauri yako." Mama yetu hakuwa na sh mdomoni, shida kwake ilikuwa sida na shauri ilikuwa sauri, na akikasirika ndivyo alivyozidi.

Odongo akakubali, maana mama hanyimwi. Mimi nilielewa njiani, tukirudi, pale mama aliponiuliza kwa sauti ya chini iwapo kondakta wa basi la Musoma atakubali gunia la ukubwa ule kwenye keria. Alikuwa anachagua cha kuondoka nacho. Nilifurahi kwa ajili yake, na nikiri, nilifurahi kwa ajili yangu pia.

Jakuzi likakalishwa bustanini karibu na mchicha. Siku ya kwanza aliingia na gauni lake zima, akashika ukingo kwa mikono miwili. Vipovu vilipoanza kumkanda alipiga kelele, kisha akacheka mpaka mwanangu Okeyo akatoka mbio kuona bibi yake ana nini. Yakawa mazoea. Kila saa nne asubuhi, umeme ukiwepo, mama yumo majini na mimi nimeketi kando nachambua mchele, ananisimulia habari za Shirati. Ndipo nilipojua kwamba stoo haikuwa dharau. Nilimpenda, na sioni haya kulisema. Kufika mwezi wa kwanza alikuwa anatembea mpaka sokoni bila fimbo.

Hapo ikaja barua ya Okal, shemeji yake. Mama hakujua kusoma, nikamsomea mimi. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake ulikuwa umeinama, nyasi za paa zimeoza, na masika yakiikuta hivyo haitapona.

Jioni alimweka Odongo chini. "Miguu imepona. Nakwenda kutengeneza nyumba yangu."

"Nitatuma mafundi, mama. Na mabati nitatuma."

"Nyumba ya mtu haijengwi mwenyewe akiwa anaoga. Ile ni nyumba aliyoniweka baba yako. Ikianguka sipo, wazee watasema niliitupa. Na siku ya kufa mtanitolea mlango gani, kama nyumba yangu haipo?"

"Mama, miguu imepona kwa sababu ya maji. Ukiyaacha, mwezi mmoja tu utarudi kutambaa."

"Ndiyo maana nitakwenda nalo. Linakunjika."

Odongo alimtazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Mama, kule utalichomeka wapi?"

Hilo mama hakuwa amelifikiria. Shirati, kwake, hapakuwa na nguzo ya umeme. Alikuwa ameuliza habari za gunia, ameuliza kukunjika, ameminya mpira kwa vidole vya mtu anayejua bidhaa, na waya hakuuona. Mimi niliuona. Nilisimama pale dukani, nikauona, nikafikiria masufuria yangu tu. Na sasa mtego ulikuwa umekamilika: akiwa mgonjwa haondoki kwa sababu anaumwa, akipona haondoki kwa sababu amepona.

Kuanzia kesho yake aligoma kuingia majini. Odongo alimbembeleza, mchungaji akaitwa, hakuna kitu. Baada ya wiki mbili magoti yalivimba tena, na Odongo akaniambia, "Si unaona?"

Asubuhi moja mwezi wa pili, Odongo akiwa kiwandani, nilisikia maji yanamwagika. Nilipotoka, jakuzi lilikuwa limelala chini, limenywea, na mchicha wote umezama. Akelo alikuwa amefungua vali kwa mkono wake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, kitambaa kichwani, kikapu mkononi, amesimama getini. Geti lilikuwa na kufuli.

"Mama Okeyo," alisema, "fungua."

Ufunguo ulikuwa kwenye upindo wa kanga yangu.

"Mama, tumsubiri Baba Okeyo. Atakupeleka kwa gari."

"Hatanipeleka. Nawe unajua hatanipeleka. Fungua, mwanangu. Basi ni la saa tano."

Nimejiuliza mara nyingi kilichonishika mkono. Nilimwogopa mume wangu, hilo ni kweli, ingawa hakuwahi kunipiga. Niliogopa aanguke njiani, na watu waseme mke Msukuma kamfukuza mama mkwe. Sababu nilikuwa nazo tele. Nilisimama nazo pale, na kanga yangu nimeishika, mpaka saa tano ikapita. Yeye hakunigombeza. Aliketi chini, mgongo kwenye geti, akanyoosha miguu iliyovimba, akangoja.

Odongo alirudi saa nane. Alitazama bustani, akamtazama mama yake. Hakupaza sauti hata kidogo. Alimwinua kwa mikono yake, akamfuta vumbi, akamwambia, "Pole, mama. Kosa ni langu. Nilikununulia kitu dhaifu."

Juma lililofuata lile la faiba likaja kwenye gari la mizigo, limefungwa kamba. Fundi mmoja, Maige, alisawazisha mawe, akamwaga zege juu ya yale yaliyokuwa matuta ya mchicha, akachimbia mabomba chini kabisa. Kazi safi, kila jirani alikuja kuisifu. Akelo aliangalia kutoka mlangoni mwa stoo yake. Zege lilipokauka aliingia majini bila kubishana, akakaa kwenye kiti kilichochongwa.

Masika yalianza mapema mwaka ule. Barua ya pili ya Okal ililetwa na dereva wa gari la samaki mwezi wa nne, saa nne asubuhi, mama yumo majini. Ilikuwa na mistari mitatu. Nyumba ilianguka usiku wa Ijumaa Kuu. Vyombo vimeokolewa. Wazee wanauliza mwenyewe yuko wapi.

"Inasema nini?" aliniuliza.

Niliisoma tena, taratibu, kana kwamba mwandiko ulikuwa mbaya.

"Wote wazima, mama. Wanakusalimu."

"Na nyumba?"

"Imesimama."

Alifumba macho. Nilimwona mabega yanashuka, kitu ambacho sikukiona tangu siku ya geti.

"Nasukuru Mungu," alisema. "Basi masika yakiisa, utanifungulia."

Nilimwambia nitamfungulia.