Jelagat na Samaki Waliolala Bila Stima

Saa tano asubuhi, Jelagat amesimama mbele ya friji ya hoteli moja mjini Kitale. Stima imepotea tangu jana jioni. Ndani kuna kilo nne za samaki wa bahari, na barafu yao imekuwa maji.

Wageni kumi na wanane watafika saa saba. Wameagiza sushi, ule wali wa kukunjwa na vipande vya samaki mbichi.

"Hawa siwakati," anasema.

Bosi wake, Gathii, anainama na kunusa. "Si hawanuki? Weka ndimu mingi, bana."

"Bosi, samaki mbichi hangoji anuke ndio akuangushe."

"Ati umekuwa daktari? Nikipiga simu moja tu napata mpishi mwingine."

"Piga."

Wabwile, msaidizi wa Jelagat, anajifanya kupanga sahani.

Jelagat, mwenye miaka 36, ni mzaliwa wa Kapsokwony. Analea watoto wawili peke yake kwa mshahara wa shilingi 17,000. Sahani moja ya sushi hapa ni 1,800. Alijifunza upishi huo kwa mpishi aliyeletwa kutoka Nairobi, ambaye alikaa miezi mitatu tu, kisha akatoroka baridi.

Nyumbani huitengeneza kivyake. Hatumii samaki mbichi. Anaweka samaki wa moshi, avokado na karoti, kisha anazungushia yai lililokaangwa jembamba. Kwa shilingi 500, watu wanne wanashiba.

"Hotelini watu hulipia jina," anasema. "Nyumbani nalisha watu wangu, siwezi kubahatisha."

Wenye stima wako wapi? Bili yao haichelewi, lakini umeme ukienda, simu haishikwi. Mkaguzi wa afya naye huja saa ya chakula, anakula, anapiga muhuri, anaenda. Sisi tuliozika wake zetu, mimi ninayesimulia nikiwemo, baada ya kuhara siku mbili, hospitali haina hata dripu, tusiambiwe ni bahati mbaya.

Gathii anamgeukia Wabwile. "Chukua kisu wewe."

Wabwile anakichukua.

Jelagat hangoji. Anashika chupa ya dawa ya kuoshea sakafu, anaimwaga yote juu ya samaki.

"Sasa wapelekee."

Saa sita yuko nje ya geti, aproni mkononi, amefutwa kazi. Wageni wanapewa kuku wa kukaanga. Wananung'unika, wanakula, wanarudi kwao wazima. Hakuna anayewaambia kwa nini.

Siku mbili baadaye Jelagat yuko Bungoma, jikoni kwa Nasike, rafiki yake wa tangu shule, akikunja wali ndani ya yai.

"Mbona huu wali umevaa sweta?" Nasike anamcheka.

"Kula, wacha maswali."

Nasike anamaliza vipande sita, anavuta sahani karibu.

Akina mama wa kanisa moja Kimilili wameagiza kwa Jelagat sahani thelathini za wali huo za Jumamosi. Lakini bila leseni ya chakula, askari wa kaunti wanaweza kuzimwaga zote barabarani. Jelagat aliiomba tangu mwezi wa pili, akitaka kujaribu biashara yake. Kila akienda ofisi ya kaunti anaambiwa mwenye muhuri hayuko.

"Kesho narudi," anasema, akipangusa kisu. "Nikiambiwa hayuko, sitoki. Nimemkatalia bosi aliyekuwa ananilipa. Huyu hata hanilipi."