Kamba ya Kupimia Tela

Mara ya kwanza Verlin Gaddy alipoingia kwenye uwanja wa Marva Tuttle, hakusalimu wala kuuliza bei. Alichomoa kamba mfukoni, akailaza juu ya tela la kwanza, akatikisa kichwa, akahamia la pili. Kamba ilikuwa na fundo. Marva alimwangalia kupitia dirisha la ofisi huku akimalizia kahawa yake. Alikuwa ameuza matela kando ya barabara kuu hiyo ya kusini mwa Missouri tangu kiwanda cha viatu kilipofungwa kikamwacha hana kazi. La kwanza kabisa aliliokota limeungua, akajifunza kuchomelea kwa kulifufua. Wateja wanaokuja na vipimo vyao aliwapenda. Hao huwa wameshanunua moyoni, kilichobaki ni kuwaacha waone wamekushinda.

Akatoka nje.

"Hiyo kamba ni ya kupimia au ya kuninyongea?"

"Itategemea bei zako," Verlin alisema bila kuinua uso. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mrefu, suruali yake imeshikwa na kanda za begani. "Fundo ndipo trekta langu linapoishia. Hili hapa ndilo lenyewe."

"Hilo ni la mbao na mashine za bustani, bwana Verlin. Trekta lako lina uzito gani?"

"Ratili elfu tano. Kitabu chake kimesema."

"Kitabu kililipima likiwa uchi, halijafungwa hata ile koleo ya mbele ya kuinulia mizigo. Na kamba haijui uzito."

"Baba yako alinunua ng'ombe kwa jicho tu maisha yake yote."

"Ndiyo maana mimi nauza matela."

Verlin akacheka kidogo, akakunja kamba. Habari za mzee huyu Marva alizijua, kama kila mtu upande ule wa kaunti. Alikuwa na ng'ombe ishirini na wawili juu ya kilima chenye mawe mengi kuliko udongo. Nyasi za kuwavusha majira ya baridi hazikutoka pale bali kwenye shamba la dada yake, bondeni, ng'ambo ya kijito cha Panther Fork. Mashine za kukata na kufunga marobota zilikaa kule kule bandani, na kila kiangazi Verlin alivuka daraja kwa trekta asubuhi na kurudi jioni. Sasa daraja lilikuwa limechakaa, na kaunti imeliziba kwa matofali makubwa ya zege. Njia ya kuzunguka ilikuwa barabara kuu yenyewe, yenye vilima na malori, na trekta lake lilikwenda mwendo wa punda. Bila tela hakuna nyasi za bondeni, na bila nyasi za bondeni ng'ombe wanakwenda mnadani.

Marva alimpa usafiri wa bure hadi kwenye mizani ya mnada. Hakufanya hivyo kwa huruma. Uwanjani kulikuwa na tela zito, lenye ekseli mbili na breki kwenye magurudumu yote, ambalo lilikuwa limekaa tangu masika bila mtu. Alijua kwamba mtu akishasoma namba kwa macho yake mwenyewe, hana budi kulitazama tela la namna hiyo kwa heshima. Wakaenda kilimani, wakapakia trekta kwenye tela la kazi la Marva. Verlin akakaa mbele pamoja na mkewe Nedra, aliyebanwa katikati na mkoba magotini.

Mizani ilipotoa jibu, na uzito wa gari na tela la Marva ukaondolewa, trekta lilibaki na ratili elfu saba na mia sita.

"Mizani yenu imelewa," Verlin alimwambia mpimaji.

"Mzee, asubuhi hii imepima madume sitini na hakuna aliyelalamika."

"Madume hayajui kusoma. Pima tena."

Wakapima tena, ikawa ile ile. Verlin alilizunguka trekta lake kama mtu aliyeibiwa anayetafuta mahali mwizi alipoingilia. Akahesabu koleo ya mbele kwa vidole, akahesabu uzito wa vyuma vyake, bado haikufika. Ndipo Nedra aliposhusha kioo cha gari.

"Matairi, Verlin. Yale maji ya bitiruti."

Akasimama. Alikuwa ameyasahau, kama wanavyoyasahau wengi wa kilimani. Matairi ya nyuma yalijazwa maji ya bitiruti, yasiyoganda kwa baridi, ili yalikandamize trekta chini linapobeba robota zima kwenye mteremko. Aliyajaza mwaka ule trekta lilipoteleza na robota mbele, likasimama kwa gurudumu moja juu ya korongo, Nedra akiangalia kutoka dirisha la jikoni.

"Nitayamwaga," Verlin alisema.

"Ukiyamwaga, tafuta na mpishi mwingine," Nedra alijibu, akapandisha kioo.

Walipokwisha kulirudisha trekta kilimani na kurudi uwanjani, Marva hakumzungusha. Akamwonyesha tela zito. Akashusha bei kabla ya kuombwa, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Verlin akapapasa vyuma, akajilaza kifudifudi kutazama ekseli, akaridhika. Kisha Marva, ambaye angeweza kunyamaza, akaenda kwenye pikapu ya mzee, akafungua mlango na kusoma karatasi ya uzito iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango.

"Haivuti hii."

"Pikapu hii imewahi kuvuta nyumba."

"Nyumba tupu, tena kwenye tambarare. Tela hili na trekta ni zaidi ya ratili elfu kumi, yako mwisho wake elfu tisa. Ukiteremka kile kilima cha kanisani, tela ndilo litakalokuwa dereva."

"Na nikimwaga maji?"

"Ungevuta bila shida. Muulize mama."

Nedra hakuulizwa. Alikuwa anatazama mbele.

"Basi unipelekee wewe. Ninakulipa."

"Siku nyasi zako zimekauka, za kaunti nzima zimekauka. Gari langu limeshachukuliwa siku zote za jua hadi Agosti. Nikupeleke siku ya mvua, uliache trekta kule wiki mbili."

"Na kazi za nyumbani nizifanye kwa meno?"

Marva alitaka kumtajia pikapu kubwa, akakumbuka bei yake na wale ng'ombe ishirini na wawili, akaacha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alikuwa na mteja mwenye nia, na bidhaa inayofaa, na bei nzuri, na bado hakuna biashara. Alikwenda kuchukua kahawa nyingine. Aliporudi, pikapu ilikuwa imeondoka.

Nyasi za bondeni zilisimama hadi zikatoa mbegu, zikageuka rangi ya kahawia. Oktoba ng'ombe wa Verlin walipita kwenye mizani ile ile, na mara hii hakubishana nayo.

Mwezi uliofuata alikuja Gaylen Prock, mkulima wa nchi tambarare ya mtoni, mwenye gari kubwa na haraka zake. Alitaka tela, na akauliza kama kuna mtu anauza trekta. Marva hakusita. Alimpigia Verlin simu. Kazi ni kazi, na tela lile lilikuwa limeanza kuota kutu kwenye bawaba.

Marva alilileta trekta uwanjani, na Verlin akalipandisha mwenyewe kwenye tela zito, polepole. Alishuka, akatoa kamba, akailaza kutoka ncha hadi ncha. Fundo likaangukia pale pale trekta lilipoishia.

"Urefu nilipatia," alisema.

"Ulipatia, bwana Verlin."

Prock alilipa vizuri, tela kwa Marva na trekta kwa mzee, tena bila kuomba punguzo, akaondoka na vyote viwili. Marva alikuwa ameuza chuma kilichomkalia tangu masika. Alingoja ile furaha yake ya kawaida, haikuja, akaamua ni kwa sababu ya baridi.

Verlin hakwenda zake. Alikuwa amesimama kando ya lile tela dogo la siku ya kwanza, kamba mkononi, hundi mfukoni.

"Hili bado unaliuza?"

"Nauza. La kubebea nini?"

Akafikiri. Nedra alikuwa anamngoja ndani ya pikapu, mkoba magotini. Marva naye akangoja, kama anavyongoja mfanyabiashara, na mzee akaendelea kutafuta akilini kitu kilichobaki cha kubeba.