Pumba, Paka wa Mashine

Athuman Mhina alikuwa amesaga mahindi pale Kabuku kwa miaka thelathini na moja, na ngurumo ya mashine ilikuwa imemla masikio. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki kusikia adhana, na mkewe Hafsa akikasirika. Mashine ikishawaka, hata ungepiga yowe la moto asingegeuka.

Kwa hiyo wateja walimtegemea Pumba, paka dume mwenye rangi ya pumba za mahindi, aliyekuja mwenyewe kuwinda panya na asiondoke tena. Mtu akiingia na ndoo yake, Pumba aliruka kutoka juu ya magunia, akaenda kujisugua miguuni mwa Athuman. Athuman akigeuka, anamkuta mteja mlangoni. Hakuna aliyemfundisha, labda mwanzoni aliomba dagaa tu. Walifanya kazi hivyo miaka kumi na miwili. Mashine ikizimwa, Athuman alimsimulia habari za siku nzima kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia wakadhani anagombana na mtu.

Mwezi wa tatu Pumba akaacha kula. Bwana mifugo akampapasa tumbo, akasema uzee hauna sindano. Asubuhi moja Athuman alimkuta juu ya gunia tupu, ameshapoa.

Hafsa hakuwahi kumruhusu paka huyo akanyage jikoni kwake. Siku hiyo aliingia ndani, akatoka na kanga yake ya zamani.

"Mfunge na hii, Baba Yusra. Usimtie kwenye kiroba kama takataka."

Walimzika nyuma ya mashine, penye mipapai. Raymond, kijana fundi umeme, alikuwa akipita.

"Shikamoo, mzee. Sasa hitima lini?" akauliza, akicheka.

Siku hiyo sikio la kulia lilisikia kila neno. Athuman alifunga mlango wa mashine, akakaa nyumbani siku mbili, akiwaambia watu mota imeharibika. Aliona haya. Mtu mzima wa miaka sitini na tatu, aliyewazika wazazi wake bila kudondosha chozi mbele za watu, leo ajifungie ndani kwa ajili ya paka!

Siku ya tatu alikuja Evodia, mjane anayeishi katika kambi ya zamani ya mkonge, alikozaliwa. Alikuta mashine imefungwa, akaja nyumbani moja kwa moja na ndoo yake ya mahindi kichwani.

"Hodi! Mzee Athuman, nimekuja kukupa pole ya msiba."

"Msiba gani, mama? Yule alikuwa paka tu."

"Usiseme paka tu. Mbwa wangu Askari alipokufa nililala siku nne, nikawaambia watu ni malaria. Padri alipokuja kuniombea, nikashindwa kumdanganya."

"Akasemaje?"

"Akacheka kidogo. Halafu akanisimulia habari za jogoo wake aliyegongwa na lori. Ilimchukua nusu saa."

Athuman akaangua kicheko, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Evodia hakumnyamazisha. Alikaa mpaka chai ya Hafsa ikaisha kwenye birika, akiuliza hili na lile: Pumba alikuja lini, alipenda kulala wapi. Athuman akaeleza yote, na Hafsa akamkumbusha aliyoyasahau.

Kesho yake alifungua mashine, lakini kazi ilimshinda. Wateja walisimama nyuma yake muda mrefu bila yeye kujua, na mmoja akaondoka amenuna. Evodia, aliyekuwa amerudi na ndoo yake, alipoliona hilo, akamfuata Raymond kibandani kwake. Waliyozungumza wanayajua wenyewe, ila jioni kijana alikuja na waya, swichi na taa nyekundu. Swichi akaifunga mlangoni; taa akaitundika mbele ya macho ya Athuman.

"Nisamehe, mzee," alisema, akiinamia sikio la kulia. "Sikujua kama uliumia hivyo."

"Yamekwisha, mwanangu. Hebu bonyeza tuone."

Taa ikawaka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele, na kila mmoja akataka kubonyeza kwa zamu yake.

Mpaka sasa Athuman ameletewa vitoto vya paka mara tatu. Husema bado, na hakuna anayemharakisha. Jumapili mashine huwa imefungwa, naye huongozana na Hafsa hadi kambini kwa Evodia. Wanawake hao wawili wamelima kunde pamoja msimu huu, na kila wiki wana la kubishania kuhusu palizi. Athuman hukaa kivulini na sahani yake ya mihogo, akisikia hili, akikosa lile, ameridhika.