Siku Niliyokwenda Kwenye Hitima na Gauni la Marehemu

Aibu hii sijapata kumsimulia mtu isipokuwa mume wangu, naye alicheka mpaka nikamnyima chai, kwa hiyo nyinyi mkitaka kucheka chekeni sasa kabla sijaanza, maana mbele huko hata kucheka kwenyewe kunakuwa kugumu.

Mnaonijua leo hamkuniona enzi zile. Nilikuwa mtu wa haja! Nikikaa upande mmoja wa benchi pale sokoni Lindi, waliokaa upande wa pili wanainuka kidogo (usijifanye huelewi, Mwanaisha, nawe uliinuliwa sana), na ilikuwa ile miaka biashara imefunguliwa, kila mwenye kimtaji anakimbilia Dubai na Bombei kufuata vitenge, nami nilikuwemo, na unene ulikuwa unanipa heshima mbele ya wateja, wakiniita Somoe mwenye afya zake. Afya yenyewe sasa! Nikipanda ngazi tatu naona nyota.

Kilichonitisha ni mama mdogo Fatu. Alikuwa mnene kuliko mimi, sukari ikamshika, ikamkausha, ikala kidole, mwisho mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti, na alipofariki nilikuwa mmoja wa waliomwosha, nikamwinua kwa mkono mmoja, mimi peke yangu, kama ninainua khanga iliyolowa. Haukupita muda nami nikapimwa, nikaambiwa sukari ninayo. Nilikuwa na binti wa miaka minne, Rehema. Nikawaza, nani ataniosha mimi, na mtoto huyu atabaki na nani?

Basi Bombei kukawa na mke wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ananiuzia mzigo, akanieleza kuwa hospitali za kwao wanalipunguza tumbo lenyewe, linabaki la kutosha kikombe cha kahawa, unakonda utake usitake, na sukari inashuka. Mume wangu alikubali (yeye alikuwa Mtwara kwenye korosho). Wengine sikuwaambia. Nilijua watakavyosema: mtu mzima na akili zake anakwenda kukatwa tumbo kwa sababu hawezi kuacha wali? Mama yangu kule Kitomanga nikamwachia mtoto, nikamwambia nafuata mzigo. Rehema nikamwambia nakwenda sokoni.

Sikurudi upesi. Kidonda kilifanya usaha, nikalala Bombei, kisha nikajificha kwa shoga yangu Dar nikijifunza upya kula kama mtoto mchanga, uji vijiko viwili, supu vijiko viwili, na nyumbani napeleka salamu kwa madereva wa malori kwamba mzigo umekwama bandarini. Mwili ukawa unaondoka. Kila asubuhi nilikuta nimepungua, na kusema kweli nilianza kuogopa, maana hakuna aliyeniambia utakoma wapi.

Nikasikia mama anaandaa hitima ya mwaka ya mama mdogo Fatu. Hapo shetani akaniingia. Nikasema siku hiyohiyo ndiyo nitakayotokea, watu wote wapo, wanione. Nikafika kwangu Mitwero, nikafungua kabati, kila gauni ninalovaa linanianguka mabegani linasimama kwenye nyonga. Gauni moja tu lilinifaa. Siku tulipogawana nguo za marehemu mimi nilipewa gauni lake la buluu lenye maua meupe, alilokuwa akilivaa mwaka wake wa mwisho, nikalipokea kwa adabu tu kwa kuwa hata mkono wangu lisingeupitisha, na sasa nikalivaa likanikaa kama nilipimwa na fundi. Bado lilikuwa na udi, na chini ya udi ile harufu ya dawa. Nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu ninayemfahamu vizuri sana, ila hakuwa mimi. Nikacheka kujipa moyo, na kicheko nacho nikakisikia cha mtu mwingine. Laiti ningelivua! Nikajiambia ni heshima kwa marehemu, nikatoka.

Lori la korosho likanishusha barabarani Kitomanga. Wa kwanza kukutana naye alikuwa jirani yetu Bi Mtumwa, amejitwika ndoo.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Aliitua ndoo taratibu, maji yasimwagike, akanitazama miguu, akaanza kurudi kinyumenyume kwenye njia bila kugeuka, mpaka akapotelea kwenye mikorosho. Nikasema mzee huyu naye, macho yamekwisha. Nikaendelea.

Uani kwa mama walikuwa wamefika katikati ya Yasini. Nilipoingia, waliokaa karibu na mlango wakanyamaza, kisha waliowafuata, kisha wa mbele yao, sauti zikazima safu kwa safu mpaka akabaki mzee mmoja aliyenipa mgongo, anasoma peke yake, halafu naye akasikia upweke wake, akakoma. Kuku tu waliokuwa wakitembea.

"Fatu," mtu akasema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Si Fatu," mwingine akajibu. "Fatu tulimzika na mguu mmoja. Huyu anayo miwili."

"Basi huko aliko wamemrudishia."

Nikafungua kinywa niseme ni mimi, Somoe, na kabla sijasema Rehema akachomoka kwenye mapaja ya mama yangu. Jamani, mtoto wangu! Miezi yote ile nilikuwa namuota anavyokuja hivyo, mbio, mikono wazi, anacheka. Akaukumbatia mguu wangu wa kulia, akaupapasa kuanzia gotini mpaka kwenye kidole gumba, akainua uso umejaa furaha.

"Bibi Fatu! Mguu umeota!"

"Rehema, mimi mama'ako."

Akachungulia nyuma yangu, upande huu na upande huu. "Mama yuko wapi?"

Nilihisi baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama, lakini hakusogea. Akasema, "Wewe uliyevaa nguo ya mdogo wangu. Kama ni Somoe, kaa ule. Somoe wangu sahani ya pilau haijapata kumshinda." Na watu wakaitikia kweli, kweli, mpeni ale, maana kwetu asiyekula na watu, hasa siku ya hitima, anatiliwa shaka hata kama amekuja na miguu yake.

Nikaletewa pilau, mlima, na mnofu juu. Ningesema hapo hapo nimefanyiwa upasuaji, yangeisha. Lakini aibu! Baba mkwe wangu, Mzee Nassoro, alikuwa amekaa hatua chache tu, na mbele yake sijapata hata kutafuna. Nikala. Tonge la kwanza likapita. La pili likasimama kifuani. La tatu nililisukuma kwa sababu Rehema alikuwa ananitazama, nikatokwa jasho, moyo ukanikimbia, uani kote kukawa cheupe, na chakula kikarudi chote mkekani, punje nzima nzima, mbele ya msahafu na wasomaji.

"Hakipokei!" akapiga kelele Bi Mtumwa, ambaye alikuwa amezunguka kwa nyuma. "Chakula cha watu hakipokei!"

Hapo ndipo akili ikaniruka. Nikasema ngoja waone. Nikalishika gauni kwa mikono miwili nikalipandisha mpaka hapa, wajionee mshono wenyewe, kutoka chini ya maziwa mpaka kitovuni, mwekundu bado, na chini yake ngozi tupu inaning'inia kama mfuko uliomwagwa mahindi. Nilidhani nawaeleza. Nilichosikia ni, "Wamemtoa utumbo!" na hitima ikavunjika. Masinia yakapinduka, wanawake wakapita juu ya wenzao, na Mzee Nassoro, aliyekuwa hainuki bila kushikwa mkono, aliruka ua wa makuti akaacha bakora na kiatu kimoja. Mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, hatukutazamana tena usoni.

Akabaki mama. Akaja polepole, akauwekea ule mshono kidole, akaufuata mpaka mwisho.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nilikwenda mwenyewe, mama. Nililipa."

Akakaa chini kwenye ule uchafu akalia. "Mimi nilikulisha wakati watu wanakula mihogo mikavu. Wewe ukaenda kukatwa."

Wakubwa walielewa baada ya wiki, wakanicheka, nikapona. Rehema hakuelewa. Nikimwambia mimi mama'ako anapiga ukelele anakimbilia kwa bibi yake, lakini nikinyamaza anakuja, anakaa mapajani, ananisuka nywele, ananiita Bibi Fatu. Nami nilikuwa na hamu naye mno. Nikaanza kuitika. "Bibi Fatu!" "Abee." Mama yangu akisikia anatoka nje. Hata Rehema alipokuwa ananipapasa mguu kuangalia kama bado upo, nilimwachia apapase.

Siku moja namlisha uji akaniuliza, "Bibi, mama akirudi, wewe utarudi kaburini?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akameza kidogo, akawaza. "Basi mwambie asije."

Nilimaliza kumlisha. Nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka nikatapika ule uji kidogo niliokuwa nao tumboni.

Aliacha mwenyewe kuniita Bibi Fatu, siku asiyonipa taarifa, mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Nilikuwa nachambua mchele barazani, nikasikia sauti yake kutoka ndani, "Mama!" Nikaendelea kuchambua. Akaita tena, "Mama!", kwa hasira sasa, nami nikageuka nyuma kutazama anamwita nani.

Basi ndiyo hivyo. Tumbo sijutii, sukari imetulia na miguu yangu ninayo. Lakini nimeapa, safari yoyote nitakayoifanya, iwe ya mzigo iwe ya kisu, mwanangu atajua nakwenda wapi na nakwenda kufanya nini, na wenye kucheka wacheke.